Alaimenti haiishii magurudumu ya mbele, na mwenye gari anaweza kujipimia

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi kwamba mwenye gari anayeshika spana na kugusa mpangilio wa magurudumu yake, yaani alaimenti, anahatarisha maisha yake na ya wengine, na kwamba kazi hiyo ni ya mashine ya kompyuta peke yake. Kuhusu hatari nakubaliana naye. Kuhusu mashine sikubaliani naye, na sababu zangu nimezitoa chini ya gari langu mwenyewe, ambalo kwa miaka sita sasa nimelipima, nimelilegeza na kulikaza kwa mikono yangu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyokuja nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani. Sina haja ya kuwaeleza Wakenya kwa nini gari hili linapendwa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza, Richard Burns naye akashinda kwa Impreza mwaka 2000, na tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, Impreza za raia wa kawaida huteremka Bonde la Ufa kwa wingi kwenda kutazama. Kwa umbo ni gari la familia, kwa tabia ni gari la michezo, na tabia hiyo yote inategemea vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja, vinavyogusa lami. Namna vipande hivyo vinavyokaa barabarani ndiyo habari ya barua hii.

Miaka sita iliyopita niliweka matairi manne mapya, na wiki hiyo hiyo nikapeleka gari kwenye gereji moja kulipia alaimenti. Fundi alifunga vipimo vyake kwenye magurudumu ya mbele, akazungusha tairodi, yaani fimbo zinazoyageuza magurudumu ya mbele ukizungusha usukani, akanirudishia ufunguo. Nilipoingia barabara kuu niliona usukani umeinama kulia ilhali gari linakwenda moja kwa moja. Nikarudi. Mara hii waliunyoosha usukani kwa kufupisha tairodi moja na kurefusha nyingine, na kwa macho kila kitu kikawa sawa. Baada ya kilomita 7,000 hivi, nikiwa nakagua breki, nilikuta tairi la nyuma upande wa kulia limelika ukingo wa ndani hadi nyuzi zake zinachungulia, huku ukingo wa nje ukiwa karibu mpya. Katika safari zote mbili hakuna aliyenipa karatasi ya vipimo, na hakuna aliyeyagusa magurudumu ya nyuma.

Jumamosi iliyofuata nilizungushia gari uzi, kwa njia nitakayoieleza, na nikapata jibu ambalo nilikuwa nimelilipia mara mbili bila kulipewa. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limeelekea nje kwa milimita 4, na la kushoto limeelekea ndani kwa milimita 1, maana yake yote mawili yalikuwa yakitazama kulia. Magurudumu ya nyuma yakitazama kulia, mkia wa gari husukumwa upande huo na pua hugeukia kushoto. Dereva, bila kujua, huushika usukani kulia kidogo ili aende sawa, na gari hutembea kimshazari kama kaa. Wastani wa makosa yale mawili ni milimita 2.5 kwenye rimu ambayo kipenyo chake, kutoka ukingo hadi ukingo, ni milimita 460, kiasi cha theluthi moja ya digrii. Hiyo ni pembe ndogo sana kwa jicho, lakini usukani wa gari langu una uwiano wa karibu 16 kwa 1, kwa hiyo kosa hilo lilifika mikononi mwangu likiwa digrii 5. Gereji iliushughulikia usukani, nalo kosa likabaki nyuma likila tairi.

Sidhani kwamba kulikuwa na hila yoyote. Kwenye Impreza ya kizazi hiki, mwelekeo wa kila gurudumu la nyuma hurekebishwa kwa bolti ya ekisentriki iliyo kwenye mwisho wa ndani wa mkono wa pembeni (chuma kinachounganisha gurudumu na mwili wa gari), yaani bolti ambayo washa yake haina kitovu kimoja na shina, kwa hiyo ukiizungusha inausukuma mkono huo ndani au nje. Mtu fulani kabla yangu alibadilisha bushi za nyuma, ile mipira iliyo kwenye ncha za mikono, akailegeza bolti hiyo bila kuweka alama ilipokuwa, akaikaza ilipoangukia. Fundi wa alaimenti naye alikuwa na kifaa cha mbele tu. Ninachosema ni kwamba gari linaloweza kurekebishwa nyuma likipimwa mbele peke yake halijapimwa.

Mafundi wetu hutaja pembe tatu: tou, kemba na kasta. Tou ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya ekseli moja yakitazamwa kutoka juu. Pua zake zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Hii ndiyo inayomaliza matairi haraka kuliko zote. Hebu tuchukue gurudumu langu la milimita 460 lililokengeuka kwa milimita 2 tu: katika kila kilomita moja linayokwenda mbele, ni kana kwamba linakokotwa kwa upande zaidi ya mita 4. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, basi msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Dalili yake huonekana kwa kiganja kabla ya jicho: ukipapasa uso wa tairi kwenda ndani kisha kwenda nje, upande mmoja unateleza na upande wa pili unakwaruza kama msumeno.

Kemba ni mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Kichwa chake kikiingia ndani ni kemba hasi, kikitoka nje ni kemba chanya. Hapa gari la michezo lina shida yake ya kipekee. Impreza ya kizazi cha pili imeshikiliwa mbele kwa mfumo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuingia barabarani kwa wingi kupitia magari ya Ford ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni mfumo mwepesi, wa bei nafuu na wenye vipande vichache, lakini kwenye kona kali, gari linapolala upande mmoja, shokapu hulala pamoja na mwili na kulilaza gurudumu la nje juu ya bega lake. Kwa hiyo mwenye kupenda kona huweka kemba hasi kidogo gari likiwa limesimama, ili likilala, tairi likae wima. Kiasi cha kemba hiyo ni suala la matumizi, na hakuna mashine inayoweza kumwambia mwenye gari anaendesha wapi na namna gani.

Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake, ukitazamwa kutoka ubavuni. Ndiyo inayourudisha usukani katikati ukiuachia. Kwenye gari langu haina bolti ya kuirekebisha, lakini hupimwa hata hivyo, kwa sababu kasta ya kushoto ikitofautiana sana na ya kulia, kuna mkono uliopinda kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara, na hapo dawa ni kubadilisha mkono wenyewe.

Sasa nije kwenye kupima, maana hapa ndipo msomaji mwenzangu anapodhani hakuna njia bila mashine. Kabla ya kipimo chochote nainua gari, nalikalisha juu ya stendi za chuma, na kutikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kushoto na kulia. Bushi iliyopasuka, boljointi yenye mchezo, tairodi iliyolegea au beringi inayolia hufanya vipimo vyote viwe uongo, kwa kuwa pembe unayoiona gari likiwa limesimama siyo litakayokuwa nayo likikimbia. Nimewahi kuona mtu akilipia alaimenti mara tatu kwa gari lenye bushi moja mbovu. Upepo wa matairi nao usawazishwe, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu hushusha kona moja ya gari.

Sakafu ndiyo inayonisumbua kuliko kitu kingine chochote. Uwanja wangu wa saruji ulionekana sawa mpaka nilipotumia njia ya waashi: mpira mwangavu uliojazwa maji, ncha moja penye gurudumu hili na ya pili penye gurudumu lile. Upande mmoja ulikuwa chini kwa sentimita moja. Kati ya magurudumu yaliyotengana kwa mita moja na nusu, sentimita hiyo ni karibu digrii 0.4 ya uongo kwenye kemba, na uongo huo ni mkubwa kuliko marekebisho mengi ninayoyafanya. Nilikata vipande vya mbao nyembamba na vya bati, nikaviandika namba, na sasa kila gurudumu linajua kipande chake. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima na sijawahi kuirudia.

Baada ya hapo ni uzi. Nina mabomba mawili ya chuma ya mraba ambayo nimeyakata vijifuo kwa msumeno, umbali wa milimita 1,900 kamili kati ya kijifuo na kijifuo kwenye kila bomba. Bomba moja linakaa mbele ya gari na la pili nyuma, juu ya stendi, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, na nyuzi mbili za kuvulia samaki zinapita kwenye vijifuo kila ubavu. Kwa kuwa nafasi za vijifuo ni sawa kwenye mabomba yote mawili, nyuzi haziwezi kukosa kuwa sambamba. Kinachobaki ni kuliweka gari katikati yake: umbali kutoka uzi hadi kitovu cha gurudumu la mbele la kushoto ulingane na ule wa mbele kulia, na wa nyuma kushoto ulingane na wa nyuma kulia. Wengi hukosea hapa kwa kutaka umbali wa mbele ulingane na wa nyuma, ilhali upana wa ekseli hizo mbili haulingani, na wanaishia kufunga uzi wenye mshazari ambao unawapa majibu mabaya kwa uhakika mkubwa. Gari likishakaa, unapima kwa rula ya chuma kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu limeelekea ndani. Rimu za gari lililopita katika mashimo yetu mara nyingi zina mpindo mdogo, kwa hiyo nalisukuma gari hadi gurudumu lizunguke nusu duara, napima tena, na kuchukua wastani.

Kwa kemba natumia timazi. Uzi wenye kizito unaning'inia mbele ya gurudumu, na unapima umbali wake hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini. Kwa rimu yangu, kila milimita 8 za tofauti ni digrii moja. Kwa kasta, gurudumu linakaa juu ya mabati mawili yaliyopakwa grisi katikati ili ligeuke bila kung'ang'ania sakafu. Unaligeuza digrii 20 upande mmoja, unapima kemba, unaligeuza digrii 20 upande wa pili, unapima tena, na tofauti ya kemba hizo mbili ukiizidisha kwa 1.5 unapata kasta kwa usahihi unaotosha kabisa kugundua mkono uliopinda.

Kuna mambo mawili ambayo ukiyaruka kazi yote ni bure. La kwanza, gari likitoka kwenye jeki magurudumu yake huwa yamejikunja ndani kwa chini na hayarudi mahali pake yenyewe. Lazima ulisukume mbele na nyuma mita chache na kuibonyeza kila kona kabla ya kusoma rula. La pili ni uzito wa dereva. Mimi huweka kwenye kiti changu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na mtungi wa lita 20 za maji, jumla kilo 70, ambao ndio uzito wangu, na tangi la petroli huwa nusu. Usukani hufungwa katikati kwa kamba ili usicheze.

Kuhusu kurekebisha, utaratibu wangu haubadiliki: nyuma kwanza, kisha kemba ya mbele, na tou ya mbele mwisho. Nyuma hutangulia kwa sababu ndiyo inayoamua gari linataka kwenda upande gani, na mbele inapaswa kuifuata. Kemba hutangulia tou kwa sababu ukiigusa kemba, tou husogea yenyewe. Kabla ya kulegeza bolti yoyote ya ekisentriki naipiga alama ya rangi nyeupe ilipokuwa, ili nikikosea nijue pa kurudi. Magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, mara nyingi bolti hizi zimeshikana na kutu ndani ya bushi. Ukilazimisha, unakata bolti au unaipasua bushi. Inyunyizie mafuta ya kulegezea kutu, iache ilale nayo usiku kucha, rudia kesho yake, na ikikataa kabisa, nunua bolti na bushi mpya kabla ya kuanza vita. Mimi upande wa kushoto ilinichukua siku tatu.

Kemba ya mbele kwenye gari hili iko kwenye bolti ya juu kati ya zile mbili zinazounganisha shokapu na kiungo cha gurudumu. Legeza zote mbili, zungusha ya juu kidogo, kaza, shusha, sukuma gari, pima. Tou ya mbele ni tairodi: legeza nati ya kufungia, toa kibanio cha mpira wa stelingi ili usijisokote na kuchanika, kisha zungusha kushoto na kulia kwa kiasi kile kile ili usukani ubaki katikati. Robo ya mzunguko kwenye gari langu inasogeza zaidi ya milimita moja kwenye rimu, kwa hiyo haraka haina nafasi. Bolti za mikono zenye bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, kamwe zisikazwe magurudumu yakiwa yananing'inia, kwani bushi iliyokazwa hewani hubaki imejisokota maisha yake yote na hupasuka mapema. Ukazo wenyewe ufuate namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha ukarabati cha gari hilo, kwa spana ya kupimia ukazo. Msomaji mwenzangu aliposema maisha yako hatarini alikuwa na haki katika jambo hili: bolti ya usukani au ya shokapu iliyokazwa kwa kukisia haina msamaha.

Vipimo nilivyotulia navyo ni kemba hasi ya digrii moja na nusu mbele, sawa pande zote mbili, tou ya mbele sifuri, na nyuma kila gurudumu likiwa limeelekea ndani milimita 1, kwani tou ndogo ya ndani huutuliza mkia wa gari ukifunga breki kwenye mteremko. Nilijaribu digrii mbili na nusu mbele kwa miezi miwili. Kona zilikuwa tamu mno, lakini nikisafiri barabara iliyonyooka niliona mabega ya ndani ya matairi yanakwisha, nami sishindani popote. Nikarudisha. Matairi ninayotumia sasa yamekwenda kilomita 31,000 na yamelika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

Kwa wenye magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, kama haya ya Subaru, ulaji sawa una uzito zaidi ya bei ya tairi moja. Watengenezaji hutaka mzingo wa matairi yote manne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi, kwa sababu matairi yenye mizingo tofauti hulazimisha difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kufanya kazi bila kupumzika hata gari likienda moja kwa moja. Tairi langu moja lililoliwa lingeweza kuniharibia gia boksi. Ndiyo sababu nilibadilisha yote manne, na ndiyo sababu bado nina uchungu.

Niseme neno pia kwa vijana wanaokata springi au kufunga fupi ili gari likae chini. Mimi sipingi gari kukaa chini. Lakini ukilishusha, mikono ya chini inayopaswa kulala karibu na usawa huinuka upande wa magurudumu, na tairodi haiendi tena sambamba nayo. Gari huanza kujigeuza lenyewe kila linapopanda tuta, na kwenye kona hulala zaidi ya ulivyotarajia ingawa springi ni ngumu. Tou na kemba zote mbili zimehama siku hiyo hiyo uliyofunga springi. Kijana anayelipa fedha nyingi kwa springi na kukataa kupima baada yake amelipia gari bovu zaidi kuliko alilokuwa nalo.

Na gari likivuta kushoto, tafadhali usikimbilie spana. Barabara zetu zimepewa mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririke, nasi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari lililo sawa kabisa litateleza kidogo kuelekea kushoto ukiachia usukani. Tafuta uwanja ulio sawa, jaribu pande zote mbili, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia ikiwa yanaruhusu kugeuzwa, na kama mvuto umehamia upande wa pili, kosa liko kwenye tairi.

Nakiri mipaka ya uzi wangu. Magari mapya yenye kamera kwenye kioo cha mbele zinazosaidia kufunga breki, na yale yenye kihisi cha pembe ya usukani kinachosimamia mfumo wa kuzuia kuteleza, yanahitaji kusawazishwa kwa kompyuta baada ya pembe za magurudumu kubadilishwa, na mwenye gari la namna hiyo aende kwa mwenye kifaa. Mashine nzuri ya vichwa vinne, kimoja kwa kila gurudumu, ikiendeshwa na fundi anayejua anachosoma, hufanya kwa nusu saa kazi inayonichukua siku nzima. Asiye na stendi imara asiingie chini ya gari. Jeki peke yake huteleza, na wapo waliokufa hivyo. Ila hata mwenye kuamua kwamba kurekebisha si kazi yake, kupima kwa uzi hakumdhuru yeyote, na anayefika gereji na namba zake mkononi hazungumzi na fundi kama mgeni.

Ombi langu kwa wenye gereji ni moja, na halihitaji mtambo mpya. Mteja akilipia alaimenti, apewe karatasi yenye vipimo vya magurudumu yote manne, kabla na baada, hata kama imeandikwa kwa kalamu. Ikiwa kifaa kilichopo hakipimi nyuma, aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Kwa mafundi wa jua kali wasio na uwezo wa kununua mashine, mabomba mawili, uzi wa kuvulia samaki, timazi na rula ya chuma havifiki bei ya tairi moja la inchi 17, na niko tayari kumwonyesha yeyote wa hapa Nakuru jinsi ninavyovifunga. Msomaji mwenzangu aliyenifanya niandike namkaribisha wa kwanza, na aje na gari lake. Aniambie tu mapema uzito wake ni kilo ngapi, ili niandae mifuko.

Wako katika kusoma,
Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Nakuru.